Kiharusi: sehemu ya ubongo iliyozimia bado inaweza kuokolewa

Kila tunapogusa habari ya kiharusi hewani, kuna swali moja ambalo halikosi kufika studio. Linakuja kwa maneno tofauti, lakini maana yake ni ile ile: mtu akishapooza upande mmoja, si ndiyo imeshatokea? Haraka ya nini tena? Kwa nini familia ikope nauli usiku wa manane, wakati kukipambazuka mgonjwa atakuwa yule yule?

Tumeona swali hili lijibiwe kwa maandishi, ubaki nalo kwenye simu yako hata kipindi kikishapita. Jibu lake ni kwamba mgonjwa wa usiku na mgonjwa wa asubuhi si yule yule. Kwa nje anaweza kuonekana vilevile: mkono umelegea, mdomo umepinda, maneno hayatoki. Kwa ndani, usiku ule kulikuwa na sehemu kubwa ya ubongo iliyozimia tu, ikisubiri damu. Asubuhi sehemu hiyo inaweza kuwa imekufa. Iliyozimia inaweza kuamka damu ikirudi. Iliyokufa hairudi.

Hapa chini tunaeleza sehemu hiyo iliyozimia ni ipi, inaokolewaje, na nini tunachoweza kufanya sisi tunaoishi mbali na hospitali kubwa.

Mfereji ukiziba

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo moja na nusu, yaani karibu asilimia 2 tu ya uzito wa mwili. Lakini unatumia takribani asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta. Tena hauna ghala. Unategemea damu inayopita dakika hii hii, na damu ikikatika kabisa, seli zake zinaanza kufa ndani ya dakika chache.

Kiharusi kiko cha aina mbili. Ya kwanza, mshipa wa damu unaoingia ubongoni unazibwa na bonge la damu. Ya pili, mshipa unapasuka na damu inamwagika ndani ya kichwa. Kwa macho huwezi kuzitofautisha aina hizi mbili. Hata daktari mzoefu anahitaji picha ya kichwa. Shika hilo vizuri, maana tutalirudia. Mengi tutakayoeleza yanahusu aina ya kwanza, ya mshipa kuziba, ambayo ndiyo inayowapata wagonjwa wengi zaidi duniani.

Chukua mfano wa mashamba ya kumwagilia. Mfereji mmoja mkubwa unaleta maji, kisha unagawanyika katika mifereji midogo inayoingia kwenye majaruba. Siku mfereji mmoja ukizibwa na matope, majaruba ya katikati, yasiyo na njia nyingine ya maji, yanakauka upesi na miche yake inakufa. Lakini yale ya pembezoni yanapata unyevu kidogo unaopenya kutoka mfereji wa jirani. Miche yake inanyauka, majani yanalala, na kwa mbali utasema nayo imekufa. Ukichimba utakuta mizizi ingali mibichi. Ukizibua mfereji leo jioni, miche hiyo itasimama. Ukingoja hadi keshokutwa, hakuna cha kuzibulia.

Ubongo nao uko hivyo. Mshipa ukiziba, katikati kuna sehemu ndogo inayokosa damu kabisa na kufa mapema. Kuizunguka sehemu hiyo kuna eneo, mara nyingi kubwa kuliko hiyo ya katikati, linalopata damu kidogo kupitia mishipa midogo ya pembeni. Damu hiyo haitoshi kuendesha kazi, kwa hiyo mkono haunyanyuki na ulimi hautamki. Lakini inatosha kuziweka seli hai kwa muda.

Waligunduaje kwamba seli hizo ziko hai

Kwa kawaida kila gramu 100 za ubongo hupata kama mililita 50 za damu kwa dakika. Damu ikishuka chini ya mililita 20 hivi, seli zinanyamaza: hazitumi tena amri yoyote, ila bado ziko hai. Ikishuka hadi chini ya mililita 10 hivi, zinaanza kufa.

Hayo yalianza kubainika miaka ya 1970, katika majaribio kwa nyani yaliyofanywa na kundi la Lindsay Symon, daktari wa upasuaji wa ubongo aliyefanya kazi London. Waliona kwamba seli ya ubongo hunyamaza kwanza, na kufa ni hatua nyingine inayokuja baadaye. Mwaka 1981 Jens Astrup, Bo Siesjö na Symon waliandika kwa pamoja wakieleza viwango hivyo viwili. Eneo lililo kati ya viwango hivyo, lililonyamaza lakini halijafa, likajulikana kwa jina la penumbra. Ni neno lenye asili ya Kilatini, la ule ukingo wa kivuli ambao si giza kamili wala si mwanga kamili, kama kwenye kupatwa kwa jua.

Kabla ya hapo madaktari wengi walikuwa na mawazo kama ya swali tulilotumiwa: kiharusi kikishapiga, kilichobaki ni kumuuguza mtu. Ugunduzi huu uliwafanya waanze kutafuta njia ya kuzibua mshipa mapema.

Dakika moja ina thamani gani

Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alipiga hesabu. Alikadiria kwamba mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba bila tiba, kwa wastani seli za neva milioni 1.9 hufa kila dakika. Kwa saa nzima ni takribani milioni 120. Kwa hesabu hiyo, kila saa moja ya kusubiri inauzeesha ubongo kwa miaka 3.6.

Huo ni wastani, na watu hawafanani. Wapo wenye mishipa mizuri ya pembeni, ambao eneo lililozimia linadumu kwa saa nyingi. Wapo pia ambao ndani ya saa mbili limekwisha. Kwa kumtazama mgonjwa aliyelala kitandani nyumbani, hakuna anayeweza kujua yeye ni wa kundi gani. Ndiyo maana tunasema kila mmoja achukuliwe kama mtu ambaye muda wake ni mfupi.

Hospitali inafanya nini

Kazi ya kwanza ni kupima sukari. Sukari ikishuka sana, mtu anaweza kulegea upande mmoja na kuongea ovyo kama mwenye kiharusi, na tiba yake ni tofauti na ya haraka. Kipimo hiki ni cha tone moja la damu kwenye kidole, na kinaweza kufanyika hata katika zahanati yenye kifaa.

Kazi ya pili ni picha ya kichwa kwa mashine ya CT-scan, ili kujua kama mshipa umeziba au umepasuka. Miaka ya karibuni mashine hizi zimefika katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa hapa Tanzania, wakati zamani zilikuwa za hospitali chache za miji mikubwa.

Ikionekana mshipa umeziba na muda haujapita, kuna dawa ya kuyeyusha bonge inayoitwa alteplase. Utafiti mkubwa uliofungua njia ulitoka Marekani mwaka 1995, ukiwa na wagonjwa 624. Waliopewa dawa ndani ya saa 3 tangu dalili zianze walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa angalau asilimia 30, ya kubaki bila ulemavu au na ulemavu mdogo sana baada ya miezi mitatu. Mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ulionyesha kwamba dawa hiyo inasaidia hadi saa 4 na nusu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Dawa hii ina hatari zake. Katika utafiti ule wa 1995, takribani wagonjwa 6 katika kila 100 waliopewa dawa walivuja damu ndani ya ubongo kiasi cha kuzorota. Kwa wasiopewa, hawakufika hata mmoja katika 100. Ndiyo sababu haitolewi bila picha, na haitolewi muda ukishapita. Sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa ina mishipa dhaifu, na ukiifungulia damu inaweza kupasuka.

Njia nyingine ni kulitoa bonge lenyewe. Daktari anapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa mkubwa wa paja, anaupandisha hadi ubongoni, ananasa bonge na kulivuta nje. Tafiti zilizotolewa mwaka 2015, wa kwanza ukiwa wa Uholanzi, zilithibitisha kwamba njia hii inaokoa. Utafiti mwingine uliochapishwa 2018 ulichukua wagonjwa 206 waliofika kati ya saa 6 na saa 24, lakini ambao picha zilionyesha bado wana eneo kubwa lililozimia. Baada ya siku 90, karibu nusu ya waliotolewa bonge, asilimia 49, waliweza kujitegemea. Kwa wale waliopata tiba ya kawaida ilikuwa asilimia 13. Kwa hiyo hata baada ya saa nyingi, kwa baadhi ya watu kuna kitu cha kuokoa.

Tuseme ukweli kuhusu kwetu. Dawa ya kuyeyusha bonge bado haipo katika hospitali nyingi nchini, na inapokuwepo bei yake ni kubwa. Kuvuta bonge kwa mrija ni huduma adimu zaidi. Msikilizaji atauliza: sasa kama hata tukiwahi dawa haipo, tunakimbilia nini?

Kuokoa bila dawa ghali

Tunakimbilia kulinda eneo lililozimia lisife kwa mambo mengine. Eneo hilo liko kama mtu anayening'inia kwa kidole kimoja. Homa ikipanda, seli zinahitaji oksijeni zaidi, na oksijeni yenyewe haipo. Sukari ikiwa juu sana, zinaungua haraka zaidi. Mgonjwa akipaliwa na uji ukaingia kwenye mapafu, anapata nimonia, homa inapanda, hewa inapungua, na kilichokuwa hai kinakufa.

Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya jambo linaloonekana dogo. Katika wodi 19 za kiharusi za jimbo la New South Wales, waliwafundisha wauguzi wa baadhi ya wodi kufuata utaratibu wa mambo matatu: kupima joto na kushusha homa, kupima sukari na kuidhibiti, na kumpima mgonjwa kama anaweza kumeza kabla hajapewa chochote kwa mdomo. Hapakuwa na mashine mpya wala dawa mpya. Baada ya siku 90, katika wodi zilizofuata utaratibu huo, wagonjwa waliokufa au kuwa tegemezi walikuwa asilimia 42. Katika wodi nyingine walikuwa asilimia 58.

Kipimajoto, kifaa cha sukari na maji kidogo ya kujaribu kumeza ni vitu vinavyoweza kupatikana katika hospitali ya wilaya. Hivyo mgonjwa anayewahi ana faida hata pasipo dawa ile ghali. Na ikithibitika kwa picha kwamba mshipa umeziba na haujapasuka, kuna aspirini. Tafiti mbili kubwa za mwaka 1997, zilizohusisha takribani wagonjwa 40,000, zilionyesha kwamba aspirini ikianzwa mapema, ndani ya saa 48, inapunguza vifo na viharusi vya kurudia. Faida yake kwa mtu mmoja ni ndogo, ila dawa ni ya bei nafuu na iko karibu kila mahali.

Muda unapotea wapi

Kati ya 2003 na 2006, watafiti wakiongozwa na Richard Walker wa Uingereza, pamoja na wataalamu wa Tanzania, walihesabu viharusi katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na katika eneo moja la Dar es Salaam. Matokeo yao ya mwaka 2010, baada ya kurekebisha tofauti za umri, yalikuwa takribani wagonjwa wapya 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka Hai, na takribani 316 Dar es Salaam. Idadi hiyo ya Dar es Salaam ilikuwa kubwa hata ukilinganisha na nchi tajiri.

Utafiti mwingine uliochapishwa 2008 uliwauliza watu wa Hai na Dar es Salaam wanakielezaje kiharusi. Hai, kijijini, wengi walitaja presha, vyakula vya mafuta na mawazo mengi, na mahali pa kwanza walipokimbilia ni hospitali. Dar es Salaam, ambako hospitali ziko karibu, wengi walitaja mapepo na uchawi, na mahali pa kwanza palikuwa kwa mganga wa kienyeji.

Tumeitaja tofauti hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba umbali wa hospitali hauhesabiwi kwa kilomita peke yake. Unahesabiwa pia kwa mambo yanayofanyika kabla ya kuanza safari: kikao cha ukoo, kumsubiri kaka mkubwa arudi kutoka mnadani, kumkanda mgonjwa kwanza, kumwita mtu wa dua kwanza. Hatusemi watu wasiombe. Ombeni mkiwa njiani. Mchungaji au shehe anaweza kupanda gari pamoja na mgonjwa.

Uso, mkono, kauli, saa

Mambo manne yanatosha kumtambua mgonjwa, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuyakumbuka.

Uso: mwambie atabasamu au aonyeshe meno. Je, upande mmoja wa mdomo umeshuka?

Mkono: mwambie anyanyue mikono yote miwili mbele yake, afumbe macho, ahesabu hadi kumi. Je, mmoja unashuka?

Kauli: mwambie arudie sentensi fupi, kwa mfano "leo tumekula ugali na maharage". Je, maneno yanakoroga, hayatoki, au hayaeleweki?

Saa: ikiwa moja tu kati ya hayo lipo na limeanza ghafla, tazama saa na uiandike.

Saa tunayotaka ni ya mara ya mwisho mgonjwa alipoonekana mzima. Ikiwa baba alikwenda kulala saa tatu usiku akiwa mzima, na akaamka saa kumi na mbili asubuhi amepooza, daktari atahesabu kuanzia saa tatu usiku, yaani saa 9 zimepita. Kama kuna mtu alimsikia akiamka saa tisa usiku kwenda chooni na kusalimia vizuri, habari hiyo inabadilisha hesabu: ni saa 3 tu zimepita, na huenda bado kuna tiba. Kwa hiyo ulizeni wote waliolala nyumba hiyo.

Dalili nyingine za ghafla ni kutoona kwa jicho moja au upande mmoja, kuyumba na kushindwa kutembea, na kichwa kuuma kwa nguvu isiyo ya kawaida. Wala kiharusi si cha wazee tu. Watoto wenye selimundu wanaweza kukipata, na kwao pia ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo.

Dalili zikija na kuondoka baada ya dakika kumi au nusu saa, msishangilie na kurudi shambani. Bonge limeziba na kupita. Linalofuata linaweza lisipite. Mtu huyo anatakiwa aonwe hospitali siku hiyo hiyo.

Usifanye haya

Usimpe dawa ya presha ya kwake ya ziada, wala ya jirani, wala kidonge cha kuweka chini ya ulimi. Hili linawashangaza wengi, kwa sababu mgonjwa akipimwa presha mara nyingi iko juu. Kumbuka mfereji. Mshipa ukiziba, presha ndiyo inayosukuma ile damu kidogo ipenye kwenye njia za pembeni hadi kwenye eneo lililozimia. Ukiishusha ghafla, damu hiyo nayo inakatika. Hospitalini, kwa mgonjwa wa mshipa kuziba asiyepewa dawa ya kuyeyusha bonge, mara nyingi presha huachwa bila kushushwa mpaka ivuke 220 kwa 120. Kwa mshipa uliopasuka mambo ni tofauti kabisa. Uamuzi huo ni wa daktari mwenye picha mkononi.

Usimpe aspirini nyumbani. Kama mshipa umepasuka, aspirini inaongeza kuvuja.

Usimpe chakula, chai, maji wala dawa ya kunywa. Koo lake linaweza kuwa limepooza bila ninyi kujua.

Usimtoboe vidole wala masikio kwa sindano, kama unavyosema ujumbe unaozunguka kwenye simu. Matone yale ya damu hayazibui mshipa wa ubongo. Chale nazo hazizibui.

Usimkande kwa maji ya moto. Upande uliopooza unaweza kukosa hisia, ukaungua bila yeye kusema. Mazoezi ya viungo yana siku zake, baada ya hali kutulia, na mtaalamu ndiye atakayewaonyesha.

Akiwa anatapika au amepoteza fahamu, mlazeni ubavu ili asipaliwe. Mmoja wenu akae naye azungumze naye. Hata asipojibu, huenda anasikia.

Safari ipangwe kabla

Kwetu gari la wagonjwa halifiki kila mahali kwa wakati. Namba 115 ya m-mama ni kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, kwa hiyo usiitegemee kwa kiharusi. Kila kitongoji kijue mapema ni nani mwenye gari, namba yake ni ipi, na atalipwa nini akiamshwa usiku. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kutenga fedha kidogo ya dharura ya safari, ili mtu asianze kuuza mbuzi saa nane usiku. Mgonjwa asiyeweza kujishika asipakiwe nyuma ya bodaboda akiwa peke yake na dereva.

Pigeni simu kabla ya kuondoka. Tafuteni leo namba ya zahanati yenu, ya hospitali ya wilaya na ya hospitali ya rufaa ya mkoa, mziandike kwenye karatasi ukutani. Maneno ya kusema si mengi: "Habari za kazi, dada. Tuna mgonjwa, mama wa miaka 62. Saa moja jioni alikuwa mzima. Saa mbili mdomo umepinda na mkono wa kulia haunyanyuki. Anatumia dawa za presha. Tunaweza kufika saa nne. Je, CT-scan inafanya kazi usiku huu? Kama haifanyi, twende wapi?" Simu hiyo ya dakika mbili inaweza kuwaokoa kwenda hospitali ambayo mashine yake imeharibika.

Mkipitia zahanati, mwombeni mhudumu apime sukari na presha, aandike rufaa na kupiga simu mbele, kisha muendelee. Zahanati isiwe mahali pa kulala na dripu hadi asubuhi. Bebeni dawa zote anazotumia mgonjwa, kadi yake ya kliniki na ya bima kama anayo. Aende pia mtu aliyeshuhudia dalili zikianza, kwa sababu yeye ndiye mwenye ile saa.

Kama mmechelewa

Wapo watakaosoma hapa na kukumbuka mgonjwa waliyemfikisha siku ya pili au ya tatu. Kuchelewa hakufuti faida ya hospitali. Bado kuna kumpima kumeza, kumgeuza asipate vidonda, kumkinga na nimonia, kujua sababu ya kiharusi na kuzuia cha pili. Ubongo uliobaki pia unajifunza. Kwa mazoezi ya miezi, sehemu nzima inaweza kuchukua baadhi ya kazi za ile iliyokufa, na wengi hurudia kutembea.

Ila mazoezi ya mwaka mzima hayawezi kurudisha kile ambacho kingeokolewa katika saa zile za kwanza. Tofauti hiyo inaweza kuwa ni fundi aliyerudi kushika patasi, au ni bibi anayeweza kutamka jina la mjukuu wake.

Kwa hiyo leo jioni, mkiwa mmekaa pamoja nyumbani, kubalianeni mambo matatu: nani ana gari, namba za hospitali ziko wapi, na kwamba uso ukipinda ghafla hakuna kikao. Aliyepo ndiye anayeamua, hata kama ni mtoto wa shule au mkwe aliyekuja juzi. Kaka mkubwa atapigiwa simu gari likiwa limeshaondoka.